Mdhamini wa Jezi Namba Tisa

Mji mzima wa Ardenny ulijua nani anakuja kula chakula cha mchana Jumapili ile, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyemwalika mgeni.

Wattie Rennie, mwenye bucha ya barabara kuu, alikuwa na wiki mbili hajatia mguu nje. Jongo lilikuwa limemkamata kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole kikavimba kikawa chekundu, na mwenyewe akawa mkali hata kwa birika likichelewa kuchemka. Wiki mbili hizo hakuuza nyama na hakwenda kanisani. Lililomuuma kuliko kidole ni kwamba hakwenda uwanjani. Ardenny Thistle walicheza mechi mbili bila yeye, na katika mechi hizo mshambuliaji mpya aliyekuja kwa majaribio akapachika mabao matatu.

Mchezaji wa majaribio haandikwi jina katika ligi zile za chini. Karatasi ya timu husema "wa majaribio", basi, na gazeti la Jumapili nalo hurudia hivyo hivyo. Wattie alisoma habari za mabao yale kitandani, akafurahi mpaka akasahau kunywa dawa. Jezi namba tisa ilikuwa yake! Alikuwa ameidhamini tangu mwezi wa nane, kabla haijapata mvaaji, kwa sababu ujanani aliivaa yeye mwenyewe kwa mechi kumi na moja na hakuna mtu Ardenny aliyeruhusiwa kusahau. Na kwa desturi ya mji, mdhamini humkaribisha mvaaji wa jezi yake nyumbani Jumapili moja, ale ashibe. Hakuna aliyewahi kuivunja desturi hiyo, hata mjane Petrie, ambaye mwaka mmoja aliletewa kipa aliyekula kuku mzima peke yake.

"Kijana mwenyewe ni nani?" Wattie alimuuliza mwenyekiti wa klabu kwenye simu.

"Utamwona," mwenyekiti akajibu, akakata simu haraka.

Morven, binti yake Wattie, alikuwa jikoni akiponda viazi kwa nguvu kuliko viazi vilivyostahili. Yeye alimjua mgeni kuliko mji mzima.

Alikuwa na miaka thelathini na moja, mwalimu wa udereva, mwenye gari dogo lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake. Miezi sita iliyopita aliingia humo mwanamume mrefu mwenye pua iliyovunjika mara mbili, akamwambia kwa aibu kwamba ana miaka thelathini na minne na hajui kuendesha. Miaka kumi na tano alikuwa akicheza mpira wa kulipwa, vilabu tisa, na hakuwahi kukaa mji mmoja muda wa kutosha kumaliza masomo. Jina lake Struan Geddes. Mtihani wa kwanza alifeli kwa haki. Wa pili na wa tatu alifeli kwa hiari yake, akipanda ukingo wa barabara huku anatabasamu, kwa sababu akifaulu masomo yangekwisha.

Baada ya mtihani wa tatu Morven alimwambia, "Struan, mkaguzi anasema hajawahi kuona mtu akifeli kwa furaha namna hii." Struan akamtazama, masikio yakamwiva. Siku hiyo hawakujifunza kurudi nyuma wala kuegesha. Walikaa tu garini mbele ya bahari, vioo vikajaa ukungu wa pumzi zao, na Morven akajua kwamba amekwisha kupenda.

Klabu ya tisa ilipomwacha kabla ya Krismasi, ni Morven aliyemnong'oneza kocha wa Ardenny. Na sasa saa kumi jioni hiyo hiyo wajumbe watano wa klabu wangepiga kura kama asajiliwe au la. Wawili walisema ndiyo. Wawili walisema mzee huyo, amekwisha. Wa tano alikuwa Wattie. Kura ikisema hapana, Struan angepanda treni kesho yake kwenda Thurvaig, juu kabisa kaskazini, ambako walimngoja na mkataba wa miaka miwili.

Lakini kulikuwa na jambo la miaka kumi na moja iliyopita. Siku ya mwisho ya msimu, dakika za nyongeza, Portcairn wamepata kona dhidi ya Ardenny. Beki wa Ardenny akaupiga mpira auondoe, mpira ukampiga tako mshambuliaji wa Portcairn aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu, ukageuka, ukaingia wavuni taratibu. Ardenny ikashuka daraja. Wattie alifunga bucha siku tatu. Tangu hapo jina la mshambuliaji yule halikutamkwa katika nyumba ile. Aliitwa Yule wa Tako.

Kengele ya mlango ikalia.

"Nitafungua mimi," akasema Shangazi Senga, dada yake Wattie, ambaye alikuwa amevaa hereni zake za harusini kwa ajili ya tukio.

Morven alisikia sauti nzito ikisema habari za mchana, akasikia viatu vikipanguswa mara nyingi mno kwenye zulia la mlangoni. Kisha Struan akaingia sebuleni na suti yake pekee, maua mkono wa kushoto, chupa ya wiski mkono wa kulia. Hakumtazama Morven. Walikubaliana asimtazame, na alijitahidi sana, mpaka akawa anatazama pazia.

Wattie, mguu wake ukiwa juu ya stuli, alimkodolea macho. Rangi ilimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye upara.

"Senga," akasema polepole. "Fungua mlango."

"Mgeni keshaingia, Wattie."

"Ndiyo maana nasema fungua. Atoke."

"Habari yako, Bwana Rennie," Struan akasema. "Nimesikia kidole kinakusumbua."

"Kidole changu kisikuhusu! Wewe kilichokuhusu siku zote ni sehemu nyingine ya mwili!"

"Baba!" Morven akasema.

"Mlijua?" Wattie akamgeukia dadake, kisha bintiye. "Mlijua wote? Hata mwenyekiti? Hata muuza magazeti? Alinisalimia dirishani asubuhi, nikashangaa mbona anacheka!"

Shangazi Senga akapokea maua na wiski, akaviweka mezani kwa utulivu. "Sikiliza, Wattie. Kijitabu cha mechi kimeandikwa kwa herufi kubwa: jezi namba tisa kwa hisani ya Bucha ya Rennie. Unataka kesho watu waje kununua soseji wakuulize kwa nini mtu wako alitoka kwako na njaa? Mjane Petrie atasema nini?"

Wattie alifikiri juu ya mjane Petrie. Ilionekana usoni jinsi wazo hilo lilivyomkaa vibaya.

"Atakula," akasema hatimaye. "Lakini simsemeshi."

Wakakaa. Wattie upande mmoja, mguu wake sasa ukiwa umenyooshwa chini ya meza juu ya mto. Struan akaketi mkabala naye. Morven akaketi kushoto kwa baba yake, Shangazi Senga kulia. Wattie akaomba dua fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na supu ya dengu ikapita watu wakisikiliza vijiko.

"Senga," Wattie akasema, "mwambie mgeni apitishe chumvi."

"Struan, pitisha chumvi."

"Karibu, Bwana Rennie."

"Senga, mwambie asante."

"Mwambie mwenyewe, una mdomo."

Morven aliinamia bakuli lake. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Alitupa jicho mara moja tu. Struan alikuwa ameshika kijiko kwa uangalifu wa mtu anayeshika kitu cha kuazima, jasho linamtoka juu ya mdomo, na Morven akampenda mpaka akaona hasira.

Ikaja pai ya nyama, pai ya Rennie mwenyewe, iliyopata zawadi ya kwanza katika maonyesho ya wilaya miaka minne mfululizo. Struan akala tonge la kwanza, akafumba macho.

"Nimecheza vilabu tisa," akasema, "na kila uwanja nimekula pai. Hii imezipita zote."

Wattie akatafuna. Sifa ilikuwa imempata mahali pazuri na hakupenda.

Shangazi Senga, akiona mwanya, akauliza, "Hivi Struan, jumla umefunga mabao mangapi maisha yako?"

"Sina hakika, Shangazi. Nadhani mia moja thelathini na tisa."

"Mia moja arobaini na moja!" Wattie akafoka.

"Samahani, Bwana Rennie, nadhani ni..."

"Unanifundisha mimi? Strathmoy kumi na nne. Portcairn thelathini na moja, pamoja na lile la aibu. Kilbrannoch ulikaa msimu mmoja na nusu, kumi na saba. Ukapelekwa Dunshee kwa mkopo, tisa, na la tisa gazeti liliandika beki kajifunga mwenyewe. Uongo mtupu! Mpira ulikuwa unaingia, yule beki aliusindikiza tu. Hilo moja. La pili, Balmuir, siku ya ukungu, mtangazaji alitaja mtu mwingine kwa sababu hakuona hata mikono yake. Ulikuwa wewe. Kichwa, kutoka mlingoti wa mbali wa goli, na kipa alikuwa bado anakutafuta."

Struan alikuwa ameacha kula. "Siku ile hakuna aliyeona," akasema kwa sauti ndogo. "Hata kocha hakuniamini. Bwana Rennie, ulijuaje?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo Balmuir? Na ukungu ule?"

"Nilikwenda kukuzomea," Wattie akasema kwa heshima zake zote. "Nilikwenda kila ulikokwenda, nikipata nafasi. Mtu akikufanyia ubaya ule unamfuatilia. Na nikwambie kitu kingine, miaka ile ya Kilbrannoch yule kocha wao alikuharibu. Kukupanga winga! Mtu mwenye mgongo kama huo, anayeulinda mpira namna ile, anapelekwa pembeni akakimbizane na watoto? Nilizomea nikiwa nyuma ya benchi lao mpaka askari akanihamisha. Sikumbuki tena nilikuwa namzomea nani."

Struan akaweka uma chini. Macho yake yalikuwa na maji na hakuyaficha. "Mama yangu aliacha kuhesabu nikiwa Strathmoy," akasema. "Baba hakuwahi kuanza. Kila nilipoondoka mahali nilidhani nimeondoka na hakuna aliyeona kitu."

Wattie akakohoa, akajisogezea karoti ambazo hakuzitaka.

Morven alimtazama baba yake, akamtazama Struan, na moyo ukamjaa. Tangu mtihani wa tatu alikuwa ameiogopa siku hii, na kumbe watu hawa wawili walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na moja, mmoja uwanjani, mwingine jukwaani akipiga kelele. Akasahau makubaliano, akamtazama Struan usoni waziwazi. Struan naye akamtazama. Furaha ilikuwa imemzidi, ilibidi aipeleke mahali, na kwa kuwa mikono yao ilikuwa mbali akanyoosha mguu chini ya meza, akautafuta mguu wa Morven, akaupata, na akaubonyeza kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Wattie Rennie alipiga yowe lililosikika mpaka kanisani.

"Kidole! Kidole changu! Ameniua!"

Glasi zikaruka. Shangazi Senga akainua bakuli la viazi kuliokoa. Struan akasimama, akagonga taa, akaketi, akasimama tena. "Samahani, Bwana Rennie! Samahani sana! Sikukusudia, nilidhani ni..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa. Wattie, machozi yakimtoka, aliinua uso polepole.

"Ulidhani ni nini?"

Struan akarudi kutazama pazia.

"Chini ya meza hii kuna miguu minane. Miwili yako. Ulikuwa unatafuta mguu wa nani?"

"Usinitazame mimi," akasema Shangazi Senga. "Ningefurahi, lakini hapana."

Wattie akamgeukia bintiye. Masikio ya Struan yalikuwa mekundu kabisa, na uso wa Morven haukuwa mbali.

"Tangu lini?"

"Tangu mtihani wa tatu," Morven akasema. "Nampenda, Baba. Nilitaka kukwambia, nikaogopa."

Wattie hakufoka. Hilo ndilo lililomtisha Morven. Alifuta macho kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka kando ya sahani.

"Bao nilikuwa nakaribia kukusamehe, kijana," akasema. "Kweli kabisa. Pai ikifika nusu nilikuwa nimekwisha amua: mia moja arobaini na moja si mtu wa kuachwa aende Thurvaig. Lakini hili la pili silo la mpira. Umekuwa Strathmoy, ukaondoka. Portcairn, ukaondoka. Kilbrannoch, Dunshee, Balmuir, kote umeondoka. Najua tarehe. Vilabu tisa! Huyu mama yake amefariki miaka sita sasa, nimebaki naye yeye. Nimpe mtu ambaye hajawahi kumaliza misimu mitatu mahali pamoja?"

"Sikuwahi kuondoka kwa kupenda," Struan akasema. "Waliniacha wao."

"Matokeo ni yale yale." Wattie akaegemea mbele. "Basi nakupa njia mbili. Napiga kura ndiyo, unasajiliwa, unavaa tisa, na binti yangu unamwacha. Au binti unamng'ang'ania, na kura yangu ni hapana. Chagua."

Struan hakufikiri hata kidogo. "Iwe hapana," akasema. "Nastaafu leo. Nitabaki hapa Ardenny nitafute kazi nyingine."

"Kazi gani? Hujui hata kuendesha gari!"

"Nitabeba nyama. Nitafagia. Yoyote."

"Hustaafu!" Wattie akapiga meza. "Miaka thelathini na minne, mabao matatu katika mechi mbili, ustaafu kwa nini? Umerukwa na akili?"

"Si wewe uliyesema nichague?"

"Nilisema uchague vizuri!"

Wakaanza kufokeana wote wawili kwa pamoja, mmoja akimtetea Struan asistaafu na mwingine, Struan mwenyewe, aking'ang'ania kustaafu. Morven akashika kijiko kikubwa cha mchuzi, akagonga sahani ya pai mara tatu.

"Mmemaliza?"

Wakamaliza.

"Mmenigawa hapa mezani kama pai, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu. Wewe, Struan. Ukiacha mpira kwa ajili yangu, kila Jumamosi saa tisa utasimama dirishani unashusha pumzi, na mimi nitakuwa nimekuchoka kabla ya Pasaka. Sitaki zawadi hiyo. Utacheza mpaka miguu ikatae yenyewe."

"Morven..."

"Sijamaliza. Na wewe, Baba. Kura ni yako, piga unavyotaka. Ukisema hapana, kesho atapanda treni kwenda Thurvaig, na mimi nitakuwa nimekaa kiti cha pembeni yake."

Wattie akatoa macho. "Thurvaig? Huko hata miti imekataa kuota!"

"Barabara zipo. Na wasiojua kuendesha wapo kila mahali."

"Unanitisha?"

"Sikutishi." Morven akakiweka kijiko chini. Alijua nyumba hii itakuwaje bila yeye, kikombe kimoja kwenye sinki, baba akizungumza na redio. Kulisema jambo lenyewe kulimuuma kuliko alivyotegemea. "Wewe nakupenda na yeye nampenda. Ningetaka sana nibaki na wote wawili. Lakini nikilazimishwa nitakwenda, na nisingependa uje ulisikie kwa muuza magazeti."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Wattie aliangalia sahani yake, akamwangalia Shangazi Senga, ambaye alikuwa anafuta hereni zisizo na vumbi na hakumsaidia hata kwa kope. Kisha akashika ukingo wa meza, akasimama kwa mguu mmoja, akaanza kuruka kuelekea ukumbini kwenye simu. Struan akainuka amshike.

"Usiniguse! Leo umenigusa ya kutosha."

Mlango ukabaki wazi kidogo. Walimsikia akibonyeza namba kwa hasira.

"Mimi hapa... Ndiyo, nimemwona. Ndiyo, ni yeye! Mwongo mkubwa wewe, miaka kumi na tano umekaa nami kanisani viti vya jirani... Hapana, nyamaza wewe. Mmeanza kikao? Basi andika. Rennie, ndiyo... Nimesema ndiyo! Mwaka mmoja? Nani amesema mwaka mmoja? Mtu huyu ana mabao mia moja arobaini na moja! Andika miwili. Miwili, na asipangwe winga."

Simu ikabamizwa.

Struan alikuwa amesogeza kiti, na chini ya meza mkono wake ulikuwa umeupata wa Morven, safari hii bila kukosea. Morven akaubana kwa vidole vyote, akawa hathubutu kugeuza kichwa.

Wattie akarudi akiruka, akaketi kwa kishindo, akaurudisha mguu wake juu ya mto baada ya kuchungulia chini kwanza. Akavuta sahani ya pai. Akakata kipande cha kona, kile chenye ukoko mwingi, ambacho kwa miaka yote alijikatia mwenyewe, akakitia kwenye sahani ya Struan bila kusema neno.

Shangazi Senga hakuvumilia. "Na Morven je?"

"Morven nini?"

"Wattie! Mtu anamtaka binti yako. Umesema ndiyo au hapana?"

Wattie akamtazama bintiye muda mrefu, macho yakiwa bado mekundu kwa maumivu ya kidole, au kwa kitu kingine.

"Kwenye timu nina kura moja kati ya tano," akasema. "Kwa huyu sijawahi kupewa hata moja."